Joho Lililoshonwa kwa Uzi wa Bata

Mechthild Pesch alilishona joho la Mtakatifu Martin kwa uzi wa kufungia bata. Joho likakataa kuachana, Mzee Odendahl akavutwa na farasi akaangukia mawe na kuvunjika nyonga, na lawama akatwishwa Hiltrud, dada yake Mechthild. Mechthild mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amesimama karibu kabisa, sinia la mikate mikononi, akasikia jina la dada yake likitajwa mbele ya wazazi wote wa shule, akanyamaza. Huo ndio ubaya aliotendewa Hiltrud, na hauna haja ya kupambwa.

Hao ni dada wa tumbo moja, watoto wa fundi mapipa wa hapo hapo Niederhof. Hiltrud, ambaye mji mzima humwita Trudi, ndiye mkubwa. Mama yao alipofariki, Trudi alikuwa bado anasoma. Mmoja kati ya mabinti wawili ilibidi abaki nyumbani kupika na kufua, na hakuna aliyeuliza ni yupi. Vitabu vyake vikaenda kwa Mechthild. Mechthild akasoma, akapata cheti cha upishi, akaolewa Koblenz, akaachika, akarudi. Trudi akafagia. Amefagia benki, amefagia kwa daktari wa meno, na kwa muda mrefu sasa anafagia shule ile ya kilimani, ya wazazi wanaowavalisha watoto sufu tupu na kuwapa vijiti vya mbao badala ya televisheni. Binti yake Trudi alisoma hapo bila ada kwa sababu mama yake alishika ufagio. Sasa yuko Hamburg, na hupiga simu Jumapili.

Mechthild aliporudi mikono mitupu, Trudi ndiye aliyekwenda kwa mwalimu mkuu, vumbi la chaki bado liko kwenye aproni, akasema, "Nasikia jikoni mnatafuta mtu. Mdogo wangu anapika." Hivyo ndivyo Mechthild alivyoingia jikoni.

Sasa habari ya joho.

Majani yakishapukutika na ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni, shule hujiandaa kwa matembezi ya kandili. Watoto hupaka karatasi rangi, huzisugua mafuta hadi zipitishe nuru, huzikunja kuwa kandili, na jioni ya Mtakatifu Martin huteremka nazo wakiimba hadi uwanja ulio nyuma ya kanisa, ambako moto mkubwa unawangoja. Mbele yao Martin mwenyewe yuko juu ya farasi, kofia ya chuma kichwani, joho jekundu begani. Karibu na moto ameketi ombaomba, anatetemeka. Martin anachomoa upanga, analikata joho katikati, anampa nusu. Watoto wadogo huamini kabisa kwamba limekatwa.

Halikatwi. Upanga wenyewe ni wa mbao uliopakwa rangi ya fedha. Joho ni vipande viwili, na kati yake hupigwa bandi ndefu za uzi mwembamba wa pamba, bila fundo mwishoni. Martin anapitisha upanga kwa madaha, ombaomba anavuta kidogo tu, uzi unateleza, joho linaachana. Mshono huo sharti uwe dhaifu, na aliyekuwa akiupiga tangu binti yake akiwa darasa la kwanza ni Trudi.

Mwaka jana, Trudi alilimaliza joho mchana, akalitundika kwenye msumari nje ya mlango wa jiko, mahali pake pa siku zote, akaenda kupanga viti ukumbini. Jioni Severin Küpper, mwenye mazizi, akalichukua akalivaa, akampanda Wolke, farasi wake jike mweupe, na matembezi yakaanza.

Ombaomba alikuwa Mzee Gereon Odendahl, mtunza majengo wa shule. Ameigiza ombaomba kwa muda mrefu hata watoto wakimkuta amepumzika kwenye benchi la sokoni humtupia senti. Alikuwa ameketi kwenye gunia lake karibu na moto. Küpper akapitisha upanga. Odendahl akavuta. Joho likatulia vile vile. Watoto wakacheka. Küpper akapitisha tena, Odendahl akaushika mshono, akajizungushia ncha ya kitambaa mkononi, akavuta kwa nguvu zake zote. Wolke akahisi kitu kinamkokota ubavuni, akaruka pembeni, na mzee akaenda naye.

Kandili mbili za watoto wa mbele zilianguka zikashika moto. Kina mama walipiga kelele. Matarumbeta yaliyokuwa yakisindikiza nyimbo yalikatika moja moja, la mwisho likiwa la kijana mmoja ambaye huwa amefumba macho akipiga. Odendahl alikuwa amelala juu ya mawe, anasema tu, "Msimpige farasi. Msimpige farasi."

Gari la wagonjwa lilipoondoka, swali likaja.

"Hivi nani alishona safari hii?"

"Si Trudi? Siku zote ni Trudi."

"Maskini. Atakuwa alichoka."

Bi Lohmar, mwalimu anayesimamia sherehe, akamwendea Trudi na kumwekea mkono begani. Ni mwanamke mwenye sauti laini inayofika mbali. "Trudi," akasema, "hakuna anayekulaumu. Kila mtu hukosea. Mwaka ujao tutakupumzisha, eh?" Wazazi wote wakasikia hakuna anayemlaumu, na wote wakajua wa kumlaumu ni nani.

Trudi aliinama akaliokota joho matopeni. Vidole vyake viliufikia mshono kabla ya macho. Uzi ulikuwa mnene, mweupe, umekakamaa kwa mafuta. Fundo la mwisho lilizungushwa mara mbili na kupitishwa chini, kama mama yao alivyokuwa akilipiga kwenye tumbo la bata baada ya kumjaza matofaa. Hapo Niederhof hakuna wengine wanaolipiga fundo hilo ila mabinti wawili wa fundi mapipa. Trudi akainua macho. Mechthild alikuwa anaitazama mikate yake.

Angeweza kusema pale pale. Alikuwa na joho mkononi, na mpishi mbele yake. Lakini Mechthild alikuwa na miezi miwili tu kazini, na Trudi alijiambia: ngoja aseme mwenyewe. Atasema. Akangoja usiku ule, akangoja wiki ile, akangoja hadi theluji ikaanguka na ikayeyuka.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa upole, na hakuna kilichomchosha Trudi kama upole huo. Wazazi walimsalimia kwa kuinamisha kichwa upande. Mama mmoja alimletea mafuta ya kuchua mikono, akidhani sindano imemshinda kwa sababu ya baridi yabisi. Kila alipomaliza kufagia, mtu alimwambia, "Asante sana, Trudi, safi kabisa," kwa sauti ya kumsifu mtoto aliyefunga kamba za viatu. Sindano hakupewa tena, hata ya kurudishia kifungo.

Bi Lohmar aliwafundisha watoto kwamba kila mtu ana kandili ndani yake, na kwamba wema ndio mafuta yanayoiwasha. Alichora ubaoni mtu mwenye taa kifuani, kwa chaki za rangi, vizuri sana. Trudi aliisafisha sakafu chini ya picha hiyo kila jioni. Hakuwa na ugomvi na kandili ya kifuani. Alichotaka kujua ni nani mwenye zamu ya kutia mafuta kwenye ya mfagiaji, ila hilo halikuwa swali la kuwauliza watoto wa darasa la pili.

Na Mechthild? Walipishana kila siku.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka."

Basi. Kahawa ya Jumapili ilikufa. Lakini mara kwa mara Trudi alikuta juu ya ndoo yake sahani iliyofunikwa kitambaa: supu ya dengu, kipande cha keki ya matofaa. Hakuna neno wala kikaratasi. Trudi hakuwa mtu wa kumwaga supu nzuri. Aliinywa, akaiosha sahani, akairudisha dirishani pa jiko bila kugonga. Mambo yakaenda hivyo hadi majani yakapukutika tena.

Jumapili moja kabla ya sikukuu, mlango wake uligongwa kwa mkongojo.

"Nani?"

"Ombaomba."

Akamfungulia. Mzee Odendahl aliingia kwa kuyumba, akakaa kwenye kiti cha karibu, akaweka mfuko mapajani. Walikuwa wameonana shuleni tangu atoke hospitali, wameulizana hali, lakini nyumbani kwake hakuwahi kufika.

"Una kahawa?"

"Ipo. Na nyonga?"

"Nyonga inajua hali ya hewa kuliko redio. Sikiliza, Trudi. Joho wamelitia utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto. Jana tukajaribu. Küpper kapitisha upanga, mimi nimevuta, ukatoa sauti, kraaa! Wolke kasimama kwa miguu miwili."

"Mungu wangu. Na Küpper?"

"Küpper chini. Anatukana. Darasa la kwanza lote limejifunza maneno mapya."

"Kaumia?"

"Makalio na heshima."

Trudi alicheka. Alikuwa amesahau jinsi kicheko kinavyouma mbavuni kikikaa muda mrefu bila kutumika. Akamimina kahawa, akauliza, "Na wewe, mzee mzima, bado unataka kukaa chini ya miguu ya farasi yule?"

"Ukininyang'anya ombaomba nitabaki na nini? Funguo?" Akanywa, akakitua kikombe taratibu. "Lakini sijaja kwa hilo. Juzi Mechthild alipika bata mmoja kulijaribu tanuri. Mimi ndiye niliyekata. Nikauvuta ule uzi wa tumboni, nikaweka uma chini. Trudi, uzi ule nimeushika. Naanguka nimeushika. Kidole changu kinaujua kama kinavyojua tundu la funguo."

Trudi akamwongezea kahawa.

"Ulijua," Odendahl akasema.

"Nilijua."

"Mwaka mzima?"

"Na yule bata ulimfanyaje?"

"Nilimla. Ningefanyaje, nimuachie Küpper?" Akajifuta mdomo, uso ukarudi kuwa wa mtu aliyekosa usingizi. "Kesho asubuhi nakwenda kwa Lohmar. Namwambia yote."

"Huendi."

"Kwa nini nisiende? Nyonga ni yangu!"

"Nyonga ni yako. Jina ni langu. Ukisema wewe, Mechthild atakuwa ameshtakiwa, na mimi nitakuwa nimeshinda kesi. Sitaki kesi, Gereon. Nilimchana nywele yule. Nilikesha ubavuni pake alipokuwa na surua. Nataka aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

Trudi aliuchukua ule mfuko, akalitoa joho, akaanza kuubandua utepe kwa kucha. "Mwambie Lohmar hukai kwenye gunia mpaka nishone mimi. Na mwambie nitashonea jikoni. Kule kuna mwanga."

Odendahl akaenda, akasema alichoagizwa na si zaidi. Ila alisahau jinsi Bi Lohmar anavyosikia mambo. Mwalimu yule alishika kifua. Machozi yakamlengalenga. "Umemsamehe," akasema. "Wewe uliyeumia umemrudishia sindano yeye aliyekuumiza. Oh, Mzee Odendahl!" Odendahl akafungua mdomo, akakumbuka alivyokatazwa, akaufunga. Kabla ya saa sita mchana shule nzima ilijua kwamba Trudi amesamehewa.

Siku ya sikukuu, asubuhi, Trudi aliingia jikoni na joho begani na kikapu cha sindano. Mechthild alikuwa mezani, bata watatu mbele yake, anawajaza matofaa na njugu za chestnati. Trudi akavuta kiti upande wa pili, akatandaza kitambaa chekundu, akatunga uzi mwembamba. Wakashona wote wawili, huyu nyama, yule joho. Oveni ilikuwa inanguruma na dirisha limeingia ukungu.

"Ukumbini kuna baridi?" Mechthild akauliza.

"Kiasi."

Mechthild akafika mwisho wa bata wa kwanza. Akazungusha uzi mara mbili, akaupitisha chini.

"Fundo la mama," Trudi akasema.

Mkono wa Mechthild ulisimama. Akakaa hivyo, sindano hewani, kisha akaiweka mezani kana kwamba ni ya kioo.

"Lilinifungukia mikononi, dada. Nililitungua msumarini nimpe Küpper, likaachana lote. Nikatazama, uzi mwepesi hivi, bandi ndefu kama za mtoto, hata fundo hakuna. Nikasema Trudi amechoka, mikono yake imeisha. Nikasema wakiliona hivi watamcheka. Uzi wa bata ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nakufichia aibu."

"Lilikuwa linatakiwa kufunguka."

"Ningejuaje?" Mechthild akalia kwa sauti. "Nani aliniambia? Tulipokuwa wadogo wewe ulinishika mkono, ukaniambia upanga wa Martin ni mkali kuliko shoka la baba! Nimeamini hivyo mpaka siku ile Mzee Odendahl alipoanguka. Mwanamke mzima!"

Trudi alitazama nje, ingawa dirisha halikuonyesha kitu. Alikumbuka. Walikuwa na kandili moja ya kiazisukari, waliyoichokoa kwa kijiko na kuitoboa macho, kwa kuwa karatasi za rangi ni za wenye nazo. Na mkate mmoja wa Martin, ule wa umbo la mtu, macho ya zabibu na kiko cha udongo mdomoni. Waligawana mkate nusu kwa nusu. Kiko hakigawanyiki, na kila mwaka kilikwenda kwa Mechthild, kwa sababu Mechthild alilia. Ni kweli alimwambia kuhusu upanga. Mama alikuwa amezikwa kiangazi kile, na mtoto alitaka kitu cha kuamini.

"La kushona sina kinyongo nalo," Trudi akasema. "Ungelishona hata kwa waya. Nakuuliza habari ya baadaye. Walipolitaja jina langu."

"Nilikuwa na miezi miwili tu hapa. Nikaogopa kufukuzwa. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho."

"Na supu?"

"Supu ilikuwa rahisi kuliko kusema."

"Ilikuwa na chumvi nyingi."

"Wewe siku zote unasema ina chumvi nyingi." Mechthild akajipangusa pua kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta. "Watu wananiuliza kwa nini silali. Unajua Lohmar anasema nini sasa? Anasema leo atawasimulia watu jinsi ulivyosamehewa."

"Nimesikia."

"Nitasema mimi. Leo. Ataniita mbele kwa ajili ya mikate. Nitasema hapo."

"Mbele yao?"

"Mbele yao, dada. Wote."

Trudi akarudi kwenye mshono. Bandi moja ndefu, nyingine ndefu. Mwishoni akaiacha ncha ya uzi ikining'inia bila fundo, akaikata kwa meno. Alijikuta anafanya kitu ambacho hakuwa amefanya tangu mwaka jana: anaimba chinichini.

Jioni aliteremka na kandili yake mwenyewe. Alikuwa amenunua kiazisukari kwa mkulima, akakichokoa mezani kwake, akakitoboa macho mawili na mdomo wenye meno machache. Watoto walimzunguka. "Bi Trudi, hiyo inanuka!" "Inanuka ndiyo, ni mboga." "Naomba nishike!" Mechthild, aliyekuwa anashusha masinia kwenye gari la kusukuma, aliiona kandili ile kutoka ng'ambo ya barabara. Akasimama. Akaweka mkono mdomoni.

Uwanjani moto ulikuwa umeshika. Küpper alikuja juu ya Wolke, mwenye tahadhari, amekaa kama mtu aliyekalia mayai. Odendahl alikuwa kwenye gunia lake, mkongojo ameuficha chini. Upanga ukapita. Mzee akavuta kwa vidole viwili. Joho likaachana bila sauti, nusu ikabaki begani kwa Martin, nusu ikamwangukia ombaomba magotini, na Wolke hakutikisa hata sikio. Watoto wadogo walishusha pumzi kwa pamoja. Kwao lilikuwa limekatwa.

Kisha Bi Lohmar akasimama mbele ya moto. Akasema kuhusu nuru ya ndani. Akasema kwamba mwaka huu watoto hawana haja ya kumtafuta Martin wa zamani, maana wema uko hapa hapa, una jina na una mkongojo. "Mwaka jana kosa la mkono mmoja lilimuumiza mwenzetu," akasema. "Na mwenzetu huyo amemsamehe. Amesema: mpeni Trudi sindano. Trudi, njoo. Mzee Odendahl, mpe mkono."

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Trudi alitembea hadi kwenye moto, kandili ya kiazi mkononi, akasimama mbele ya uso wa kila mtu, akasamehewa. Odendahl alimpa mkono. "Niruhusu," akanong'ona. "Neno moja, Trudi, niruhusu." Trudi akaubana mkono wake. "Ngoja. Zamu si yako."

"Na sasa," Bi Lohmar akasema, "mpishi wetu, Bi Mechthild. Una neno?"

Mechthild akaja. Moto ulimwangaza hadi kwenye nyusi. Aliwatazama wazazi, safu kwa safu, akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama dada yake. Kifua kilipanda. Trudi aliona mdomo unafunguka, akaona ulimi unagusa meno.

"Mikate ni ya moto," Mechthild akasema. "Wadogo kwanza."

Watoto wakakimbilia masinia.

Odendahl akatoa tusi moja ambalo Küpper alikuwa amelifundisha darasa la kwanza, akaanza kunyanyuka. Trudi akamkalisha. Kisha akatoka kwenye moto, akaenda kusimama pembeni, karibu na ukuta wa kanisa, mahali pa wafagiaji wanaongoja watu waondoke. Upepo wa mtoni ulikuwa umeanza. Kandili yake ilizimika, akaiacha hivyo.

Baada ya kitambo alisikia viatu vya jikoni. Mechthild alikuja na mkate mmoja wa Martin uliofungwa ndani ya aproni ili usipoe. Aliukata mkate kwa mikono, nusu kwa nusu, na ile nusu ya juu, yenye macho na kiko, akamnyooshea dada yake.

"Chukua kiko wewe," akasema. "Mwaka huu chukua wewe." Alikuwa analia vile vile kama alivyolia kila mwaka akiwa mtoto, bila sauti, mabega tu. "Midomo imekataa, dada. Nilikuwa nayo, maneno yote nilikuwa nayo. Nisamehe. Ni mimi. Uzi ulikuwa wangu, ni mimi niliyeshona, si wewe."

"Mimi najua kuwa si mimi," Trudi akasema. "Unaniambia mimi ya nini?"

Lakini aliupokea mkate. Skafu ya Mechthild ilikuwa imeteleza, shingo iko wazi kwenye upepo, na Trudi akaona mikono yake mwenyewe inaivuta, inaizungusha, inaichomeka ndani ya koti, bila kumwomba ruhusa. Mechthild akaegemea kichwa begani kwake. Wakala wakiwa wamesimama. Mkate ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeona, maana watu wote walikuwa kwenye moto.

Kiko cha udongo kiko kwenye kikombe dirishani pa Trudi. Kahawa ya Jumapili imerudi. Hayo Mechthild ameyalipa, na Trudi hayakatai. Ila alichopewa pale ukutani ni nusu, na nusu nyingine bado haijalipwa. Mzee Odendahl hadaiwi. Bi Lohmar atapaswa kutengua aliyoyasema siku atakapoambiwa. Anayedaiwa ni Mechthild Pesch, na anadaiwa maneno yale yale aliyoyasema ukutani, ayaseme uwanjani nyuma ya kanisa, moto ukiwaka, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile anayowaitia watoto mikate.